Shilingi 1,000 ya Mtoto Wako

Mtoto akipimwa kliniki na uzito wake ukawa umesimama miezi mitatu, sisi wauguzi humgeukia mama peke yake. Hapo tunakosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa pia halmashauri zetu za Tanzania wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lao.

Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kata yenye watoto 2,000 ni shilingi 2,000,000. Si nyingi, lakini zikitoka husaidia kampeni ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo, Juni na Desemba, na mafunzo ya kupika uji wa lishe. Zisipotoka, mhudumu wa kijiji hubaki na mizani mbovu.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Akina baba, huko mnafika wengi kuliko kliniki. Mwulizeni diwani: fedha za watoto zimetoka kiasi gani, na zimenunua nini? Akijibu kwamba bado, aulizwe ni lini, na katibu aandike jibu hilo katika muhtasari.