Majina Manne, Baba Mmoja

Barabara ya Bombo wasomaji wetu wengi waijua vyema. Yatoka Kampala, yapita Wandegeya, yateremka Bwaise ambako maji ya mvua huingia majumbani mwa watu, kisha yapanda Kawempe na kuelekea Matugga hadi Bombo penyewe, penye kambi. Askari wengi wamepita hapo wakiwa ndani ya lori, wasione ila maduka, teksi na boda boda. Leo twataka kuwasimamisha Kawempe kidogo, kwa maana katika vyumba vya kupanga vilivyo nyuma ya maduka hayo zimevunjika familia nyingi, na baadhi ya watoto wa familia hizo ndio waliovaa sare baadaye.

Zilivunjwa na mambo mawili hasa. La kwanza ni vita vya miaka ya 1981 hadi 1986, vilivyochoma vijiji vya Luwero mbele kidogo ya barabara hiyo hiyo. La pili ni UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1982 kule Kasensero, Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, ukaua wazazi kwa miaka zaidi ya ishirini kabla dawa za bure hazijaanza kutolewa mwaka 2004. Vita huua baba au mama kwa siku moja. Maradhi haya aghalabu yalimchukua mmoja, na baada ya mwaka au miwili yakamrudia mwenziwe.

Mjini msiba huo una ukali wake. Kijijini wazazi wakifa shamba hubaki, migomba hubaki, na jjajja hubaki jikoni. Chumba cha kupanga hakirithiwi. Mwezi ukiisha mwenye nyumba ataka kodi yake au chumba chake, na watoto wanne waliolala juu ya mkeka mmoja hupata wiki chache tu za kuwa pamoja. Jamaa huketi baada ya mazishi wakagawana: msichana mkubwa kwa shangazi Masaka, mvulana kwa baba mdogo aliye kambini, wa tatu kwa wajomba upande wa Gulu, na kitinda mimba kwa jjajja. Hatuwalaumu jamaa hao. Mtu mwenye chumba kimoja na watoto watano wa kwake hana mahali pa kuwalaza wanne wengine.

Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi, likasema kwamba kwa kanuni ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na ikiwa hapana budi watenganishwe, basi wasaidiwe kuonana. Ni maneno mema, ila hayaongezi upana wa chumba. Ile sehemu ya pili, ya kuonana, ndiyo inayotuhusu sisi, kwa kuwa haihitaji nyumba kubwa.

Hapa Buganda liko jambo linalowatatiza wageni. Kwa desturi watoto wa baba mmoja hawaitwi kwa jina la baba. Kila mmoja hupewa jina lake kutoka katika hazina ya majina ya ukoo. Afisa mgeni aonapo majina manne yasiyofanana huuliza, hawa ni ndugu kweli? Mzee wa ukoo haulizi, kwani akisikia jina ajua mara moja kama mwenye nalo ni wa Mamba, wa Ngabi au wa Nkima. Tena ni kinga, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani, na ndugu waliopotezana tangu utotoni waweza kukutana ukubwani wasijuane sura. Lakini mtoto aliyelelewa mbali akabatizwa jina jipya na walezi wake hupoteza hata alama hiyo.

Lugha nayo hutengana. Yule wa Masaka hukua na Kiganda, wa Gulu na Kiacholi, na wa kambini na Kiswahili chetu hiki. Wakikutana baada ya miaka kumi husalimiana kwa machozi, kisha hutafuta mkalimani. Si jambo la kucheka, ingawa wao wenyewe hulicheka.

Siku yao ya kukutana imekwisha kuwekwa na mila: ni okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza matanga, ambapo mrithi huvikwa na watoto wote wa marehemu huitwa waonekane. Kwa ukosefu wa fedha sherehe hiyo huweza kungoja miaka mingi. Zamani habari zake zilipita kwa barua iliyokabidhiwa dereva wa basi, au kwa matangazo ya Redio Uganda. Njia nyingine iliyotufurahisha sana ni ya akina mama wa chama cha NACWOLA, kilichoundwa mwaka 1992, ambao katika miaka ya mwisho ya 1990 waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa mikono yao wakiwa wagonjwa. Waliandika majina ya babu, kijiji cha asili, picha, na siku aliyozaliwa kila mtoto. Mama aliandika akijua ni nani atakayesoma, na lini.

Sasa twaja kwa askari. Yeye ndiye apelekwaye mbali kuliko wote. Vikosi vya kwanza vya Uganda vilipoingia Mogadishu mwezi wa Machi 2007, walikuwamo bila shaka watu ambao jamaa yao pekee duniani alikuwa dada aliyelelewa wilaya nyingine. Fomu ya jamaa wa karibu ilikuwa na jina gani? Askari yatima huandika jina la mlezi, naye mlezi ni mzee. Akifariki mlezi, fomu hubaki ikimtaja marehemu. Siku ya msiba mjumbe hubisha hodi kwenye mlango uliofungwa, na ndugu watatu wasijue lolote.

Kwa hiyo twashauri fomu ijazwe kwa majina ya ndugu wote, jinsi yalivyo katika vitambulisho vya taifa. Nyumbani askari aache karatasi nyingine yenye majina hayo, ukoo wao, kijiji anakokaa kila mmoja na namba yake ya simu. Namba hubadilika, basi kila likizo zikaguliwe kwa kupigwa.