KIFARU CHA CHUMA NA BEGA LA MPAGAZI

Huko Bovington, kusini mwa Uingereza, yako makumbusho makubwa ya vifaru vya vita. Humo hutunzwa kile chombo cha majaribio kiitwacho Little Willie, kilichoundwa mwaka 1915, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kukitazama. Hatuna ugomvi na makumbusho hayo, kwani taifa linalojua lilikotoka hutunza zana zake. Ila twauliza swali moja juu ya vita vile vile kwa upande wa pwani yetu ya Kilwa na Lindi: sisi tumetunza nini?

Kifaru kiliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba, 1916, huko Flers, Ufaransa. Kilikuwa na uzito wa tani 28 hivi, kilibeba watu 8, na mwendo wake ulikuwa kama wa mtu atembeaye kwa miguu. Kilibuniwa kwa sababu askari waliojichimbia mahandaki nyuma ya seng'enge, wakiwa na bombomu, walikuwa wakiwafyeka wenzao kama majani. Wakubwa wa Ulaya wakaona kwamba kifua cha mtu hakiwezi kushindana na risasi, heri kikingwe kwa chuma.

Mwezi huo huo Waingereza walishusha majeshi yao Kilwa na Lindi ili kuwaandama Wadachi wa Jemadari von Lettow-Vorbeck. Huku hakikuletwa kifaru hata kimoja. Magari yalikuwapo, lakini masika yalipoanza yalizama matopeni. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi chuma kiliposhindwa, na mnyama aliposhindwa, aliitwa mtu.

Tuifanye hesabu ya kazi hiyo, maana mfanyakazi yeyote ataielewa. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 50 hivi. Ikiwa mzigo wake ni chakula, naye ala ratili 2 kila siku, basi katika siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote yeye mwenyewe, na askari aliye mbele hajaonja kitu. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyozidi kwenda bara, ndivyo wapagazi wengine walivyohitajiwa kuwalisha wapagazi wenzao. Vijiji vilimalizwa vijana. Wengi hawakujitolea, bali walikamatwa. Wadachi nao walifanya vivyo hivyo, na mara nyingi bila ujira.

Mizinga nayo haikwenda yenyewe. Manowari ya Wadachi, Königsberg, ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai, 1915, mizinga yake 10 iliokolewa ikatiwa magurudumu, ikakokotwa nchi nzima kwa kamba na mamia ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo umehifadhiwa Mombasa hata leo. Chuma kile kina mahali pake na maelezo yake. Watu waliokikokota hawana.

Mwezi Julai, 1917, palipiganwa Narung'ombe, upande wa Kilwa. Mwezi Oktoba palipiganwa Mahiwa, bara ya Lindi, kwa siku 4, na Waingereza peke yao wakapoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Hata hivyo mpagazi hakuuawa sana na risasi. Aliuawa na kuhara damu kwa kula unga usioiva vizuri, na homa, na nimonia kwa kulala mvuani bila blanketi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Na kwa kuwa majina mengi yaliandikwa ovyo, au hayakuandikwa kabisa, mishahara ya maelfu yao haikuwafikia wajane wala watoto.

Tunasema wazi kwamba hili la mwisho ndilo lituumalo zaidi. Aliyekufa kazini bila jina lake kuandikwa amekufa mara mbili. Dar es Salaam tunalo jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya wapagazi hao, lakini wangapi kati yetu wanunuao ndizi pale wanajua hivyo? Tunayo pia Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, nayo inamwonyesha mwanajeshi mwenye bunduki na singe. Mtu wa mzigo hakupandishwa pale juu.

Kwa hiyo yapasa watu wa Kilwa, Lindi, Nyangao na Mahiwa waandike sasa masimulizi waliyoachiwa na babu zao: nani alichukuliwa, kutoka kijiji gani, na kama alirudi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, yahitaji daftari, kalamu na subira. Walimu na wanafunzi wao wanaiweza. Na siku makumbusho ya vita hivyo yatakapowekwa huku kusini, chombo cha kwanza kuonyeshwa kisiwe mzinga wala gari. Uwekwe mzigo wa ratili 50 pamoja na kata ya kichwani, na kila mgeni aambiwe aunyanyue. Akishautua, hatahitaji maelezo marefu juu ya nani aliyevibeba vita vile.