Umeme wa upepo baharini: Je, mvuvi atabaki na nafasi?

Mataifa ya Ulaya yanaongeza mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo katika Bahari ya Kaskazini. Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo shamba la wavuvi. Je, wanaweza kuitumia pamoja? Jibu linategemea sana zana anayovulia mtu.

Meli inayokokota wavu kwenye sakafu ya bahari inahitaji nafasi ndefu iliyo wazi. Wavu ukinasa kwenye nyaya za umeme zilizolazwa chini, unaweza kuchanika, na hata meli ikawa hatarini kupinduka. Ubelgiji imepiga marufuku uvuvi katikati ya mitambo hiyo. Uingereza inauruhusu, ila manahodha wengi wa nyavu za kukokota hukaa mbali.

Kwa anayetumia dema au mshipi, mambo ni tofauti, kwa sababu zana zake hazikokotwi. Karibu na Peterhead, Scotland, kuna mitambo 5 inayoelea, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mwaka 2022 mitego na mishipi ilijaribiwa humo, na kazi ikafanyika kwa usalama.

Hata hivyo, mwenye wavu wa kukokota hawezi kugeuka mvuvi wa dema kwa siku moja. Akifukuzwa eneo lake, atahamia kwa wenzake, na samaki wa hapo watagombaniwa na wengi. Kwa hiyo wavuvi wanataka waulizwe mapema, kabla ramani ya mitambo haijachorwa. Nguzo ikishasimikwa, haihamishwi.