Malipo ya awali si kipato: Nasaha kwa fundi anayefungua karakana yake

Kila mwaka vijana wetu huhitimu mafunzo ya useremala katika vyuo vya VETA, na wengine hujifunza kazi hiyo kwa kukaa miaka kadhaa chini ya fundi mkuu mtaani. Siku hufika kijana akaona mkono wake umekomaa, akatamani banda lake mwenyewe. Wazazi hufurahi, mke hufarijika, majirani humletea kazi za kwanza. Lakini mara nyingi haupiti muda mrefu kabla banda hilo halijafungwa. Simu ya fundi haipokelewi, na watu waliomlipa huulizana msikitini na sokoni amehamia wapi.

Ukichunguza visa vya namna hii, mara chache utakuta ufundi ndio uliopungua. Kitanda alichokitengeneza hakilii, na mlango alioupachika ungali unafunga sawasawa. Kilichomwangusha ni fedha, hasa zile za malipo ya awali, ambazo mafundi na wateja wao huziita advansi. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuanzisha karakana ndogo ya useremala, tukiliweka jambo hilo katikati. Mchomeleaji wa mageti, fundi wa alumini na mshonaji wa nguo nao wasome, kwani wote hufanya kazi kwa utaratibu huohuo wa kuagizwa na kulipwa kwanza.

Zana za mkono kwanza

Kosa la mapema ni kudhani kwamba karakana ni mashine. Fundi anayeanza anahitaji meza imara ya kufanyia kazi, misumeno, randa, patasi, nyundo, drili, futi ya kupimia, pimamaji na vibano vya kukazia mbao zilizotiwa gundi. Mashine za kupasua na kuranda ni ghali, na si lazima awe nazo. Anayepita Keko, Dar es Salaam, eneo lenye jina kubwa kwa samani, ataona kuwa mafundi wengi hupeleka mbao zao kwa mwenye mashine, wakalipia huduma na kurudi nazo bandani. Gharama hiyo humwangukia fundi siku ile tu anapokuwa na kazi. Mashine iliyonunuliwa kwa mkopo humdai hata siku ambayo hana kazi.

Tukitaja mkopo, hatuwezi kuipita ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Ubaya wa riba wasomaji wetu wanaujua. Zaidi ya hapo, mikopo hiyo haiendani kabisa na kazi ya fundi. Mkopo hudai marejesho kila juma, pengine kila siku, ilhali kitanda hulipwa kinapokamilika, na mteja naye huweza kuchelewa. Kwa hiyo fundi hulazimika kutafuta fedha mahali pengine ili alipe rejesho la juma hili, na mahali palipo karibu zaidi ni mfukoni mwa mteja mpya.

Njia nyingine zipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Kwa kawaida vijana na wanawake hukopeshwa wakiwa katika vikundi, na pa kuanzia kuuliza ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Aidha, lipo shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ambalo hutoa mafunzo na ushauri.

Ikiwa mjomba au shangazi ndiye anayetoa mtaji, lisemwe wazi tangu mwanzo kama ni zawadi, ni mkopo au ni mudharaba. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu waliyoafikiana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali maadamu mfanyakazi hakuzembea wala kuvunja masharti. Jambo hili lisipoelezwa, undugu huingia mashakani kwa sababu ya mbao.

Bei itoke katika hesabu

Mafundi wengi hupanga bei kwa kutazama bei ya jirani. Tuchukue mfano, ambao ni wa hesabu tu, wa kitanda cha futi tano kwa sita kinachouzwa shilingi 450,000. Mbao ni 190,000, kuranda 20,000, gundi, misumari, msasa na vanishi 45,000, usafiri 15,000. Jumla ni 270,000. Fundi huona zimebaki 180,000, akasema amepata faida.

Tuendelee kuhesabu. Kitanda kimechukua siku tano. Msaidizi analipwa 10,000 kwa siku, nayo ni 50,000. Kodi ya banda ni 100,000 kwa mwezi wenye siku 25 za kazi, hivyo siku tano ni 20,000. Umeme na simu ni 10,000. Zana zilizogharimu 1,200,000 na zinazotarajiwa kudumu miaka mitatu huchakaa kwa takribani 7,000 katika siku hizo tano. Jumla ni 87,000. Kilichobaki ni 93,000, na hicho ni ujira wa fundi mwenyewe wa siku tano, yaani 18,600 kwa siku. Faida ya karakana bado haijapatikana hapo. Mteja akiomba apunguziwe 100,000 na fundi akakubali kwa haya, atakuwa amefanya kazi siku tano bure na kuongeza 7,000 kutoka mfukoni mwake.

Mlolongo wa madeni

Sasa tufike kwenye kiini. Mteja wa kwanza ametoa 270,000 ili kitanda kianze. Jioni hiyohiyo mtoto amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya mchango, au mwenye nyumba amegonga mlango. Fundi huchukua 100,000, akajiambia kwamba atairudisha. Mbao hazitoshi, kitanda kinasimama. Baada ya siku nne anakuja mteja wa pili na advansi yake, na fedha hiyo inamalizia kitanda cha wa kwanza. Sasa wa pili ndiye asiye na mbao, naye anamsubiri wa tatu. Fundi huyu anafanya kazi usiku na mchana, na kwa nje karakana yake inaonekana imechangamka. Kumbe siku atakapokosekana mteja mpya, mlolongo wote utakatika, na aliye mwishoni atapoteza fedha zake. Hapo ndipo neno “njoo kesho” linapozaliwa, na kwa neno hilo mafundi waaminifu nao hudhaniwa kuwa waongo.

Fundi na ailewe fedha hiyo kwa jina lake halisi: ni deni. Anadaiwa kitanda, na deni hilo halitoki shingoni mwake mpaka mteja akabidhiwe. Kwa hiyo advansi ilingane na gharama ya vifaa, ambayo katika mfano wetu ni asilimia 60 ya bei, na vifaa vinunuliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Fedha ikishageuka mbao, haiwezi tena kulipa kodi ya nyumba. Ujira wa fundi ndio unaobaki kwa mteja hadi siku ya makabidhiano, na hamu ya kuupata humsukuma fundi amalize kazi kwa wakati.

Makubaliano nayo yaandikwe. Katika fiqhi, mapatano ya kuagiza kitu kitengenezwe huitwa istisnai, na wanazuoni wanaoyaruhusu husisitiza kwamba bei ijulikane na kitu kielezwe sifa zake. Karatasi moja inatosha: aina ya mbao, kama ni mninga, mkongo, mtiki au paini, vipimo, rangi, bei, kiasi kilichotolewa na siku ya kukabidhi. Maneno kama “kitanda kizuri cha kisasa” hayatoshi, kwa kuwa kila mtu ana uzuri wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Anayeona haya kumwomba mteja saini na ajikumbushe hilo.

Siku ya kukabidhi ipangwe kwa kuzingatia umeme kukatika, foleni ya mashine na ukavu wa mbao. Mbao mbichi hupinda na kupasuka baada ya kufika nyumbani kwa mtu, na lawama humrudia fundi hata kama kosa ni la muuzaji. Zinunuliwe zilizokauka, kwa risiti, kutoka kwa muuzaji mwenye vibali vya mazao ya misitu. Na kama itabidi kuchelewa, fundi ampigie mteja kabla mteja hajapiga.

Karatasi na daftari

Aliyejifunza mtaani asijidharau. VETA huendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kazini na akifaulu hupewa cheti. Kazi za shule, zahanati na ofisi huhitaji karatasi za aina hiyo, pamoja na namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bure, na leseni ya biashara kutoka halmashauri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi inathibitisha hilo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi 4,000,000 hadi 7,000,000 kwa mwaka alipe 100,000 kama hana kumbukumbu kamili. Mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000. Basi mwenye mauzo ya 5,000,000 na daftari lililotimia alitakiwa kulipa 30,000, na asiye nalo 100,000. Viwango hubadilika, hivyo vya sasa viulizwe TRA.

Nyumba nayo ijue

Mke anapomwona mumewe akipokea 270,000 ana haki ya kudhani kwamba nyumba imepata. Asipoelezwa, atamwona bahili, na watoto watajiona wamesahauliwa. Fundi akae na familia yake, aeleze kipi ni cha mteja na kipi ni ujira, kisha ajiwekee ujira maalumu anaouchukua kila kazi inapokabidhiwa. Pale mke anapoweza, daftari likae mikononi mwake. Mwenye kuijua hesabu hawezi kudai kisichokuwepo.

Na kwa fundi ambaye tayari yumo katika mlolongo, bado ipo njia ya kutoka. Asipokee advansi mpya hata moja. Aandike majina ya wote wanaomdai, amwendee kila mmoja na kumweleza ukweli pamoja na tarehe anayoweza kuitimiza. Kisha kwa miezi michache afanye kazi za ujira tu, ambazo mteja hununua mbao mwenyewe na fundi hulipwa kwa mkono wake. Kipato kitakuwa kidogo, na kila akipatacho amalizie kazi moja ya zamani, akianzia kwa yule aliyesubiri muda mrefu kuliko wote.