Vinara Sita wa Tumbo la Porini

Karibu kila mnyama huja duniani akiwa na tumbo tupu. Bakteria wa kumsaidia kumeng'enya chakula huwapata njiani: kwa mama, kwa jirani, hata udongoni. Hawa sita wanaongoza, kila mmoja kwa lake.

Anayewahi zaidi: mbung'o. Jike hulea buu mmoja kwa wakati ndani ya mfuko wa uzazi, akimnywesha maziwa. Katika maziwa hayo ndimo wanamopita bakteria waitwao Wigglesworthia, wanaomtengenezea vitamini B zinazopungua kwenye damu anayoinywa. Jike aliyewakosa hazai.

Mlo wa kuachishia ziwa usio wa kawaida: koala. Majani ya mkalitusi yana sumu na nyuzi ngumu. Akifikisha miezi sita hivi, mtoto hutoa kichwa kwenye mfuko wa mama na kula kinyesi laini ambacho mama humtolea maalumu. Bakteria waliomo huenda kuchachusha majani katika kifuko cha utumbo kinachoweza kufikia mita 2.

Yatima mwerevu: iguana wa kijani. Mama hutaga, hufukia mayai, huenda zake. Mwaka 1982 mtafiti Katherine Troyer alieleza alichokiona Panama: watoto wakishaanguliwa hula kwanza udongo, kisha huwafuata wakubwa mitini na kula kinyesi chao.

Anayeanza upya kila mara: mchwa wa mbao. Kila akijivua gamba, utando wa utumbo wa nyuma hutoka pamoja na vijidudu vinavyosaga mbao. Asipolishwa na wenzake majimaji ya matumboni mwao, atakufa njaa huku amezungukwa na chakula.

Anayejulikana zaidi: nyani wa Amboseli. Watafiti wanawafuatilia nyani hawa wa Kenya tangu 1971, mmoja mmoja. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wanaotoana chawa mara nyingi hufanana bakteria, hata ukiweka kando chakula wanachokula. Mwaka 2021, sampuli 16,234 za nyani 585, zilizokusanywa kwa miaka 14, zilionyesha kuwa urithi wa kijeni nao una mchango. Ni mdogo, lakini huongezeka nyani anavyozeeka na wakati wa kiangazi.

Asiyejali: kiwavi. Uchunguzi wa mwaka 2017 wa spishi 124 za viwavi wa porini ulikuta bakteria wachache mno, wengi wakiwa wapita njia walioingia na jani. Spishi moja ilipopewa dawa ya kuua bakteria, iliendelea kukua kama kawaida. Kiwavi hula majani kama koala, ila hangoji nyuzi zichachuke: huchukua kilicho laini, hutupa nyuzi, hung'ata tena. Koala amekwenda kinyume: hula taratibu, huchachusha kwa muda mrefu, na hulala hadi saa 20 kwa siku.