Misimu ya Eastlands: Piga picha mti wako kabla haujakatwa

Mwambie mtu unapiga picha za maumbile jijini Nairobi, atadhani uko njiani kwenda Karura au mbuga ya wanyama. Eastlands wanaijua kwa mawe, matatu na vumbi tu. Lakini ukitulia kidogo Kaloleni, Jericho au kando ya Mto Nairobi kule Korogocho, utaona miti, ndege na anga inayobadilika mwaka mzima, na hakuna anayekudai kiingilio.

Kamera si kitu kigeni mtaani. Mwaka 1997 vijana 31 wa chama cha michezo cha MYSA, Mathare, walipewa kamera za plastiki za bei ya chini katika mradi wa Shootback. Picha zao zilitoka kitabuni mwaka 1999. Mmoja wao, Julius Mwelu, aliifanya kazi hiyo ajira, kisha akaanzisha Mwelu Foundation inayofunza vijana wa Mathare kupiga picha na video. Wao walihesabu kila picha kwa sababu mkanda ulikuwa unaisha. Wewe una simu.

Januari na Februari ni kiangazi. Jua la saa sita huchoma rangi zote, kwa hivyo toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi au subiri saa kumi na mbili jioni, vumbi la Kayole likigeuka dhahabu. Gusa sehemu ya anga kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Mti utatoka mweusi na rangi za anga zitabaki.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kila dimbwi ni kioo. Inama, shusha simu karibu na maji. Asubuhi baada ya mvua ya usiku hewa huwa safi, na ukiwa juu ya ghorofa Umoja au Pipeline utaiona Milima ya Ngong, na ukibahatika hata Mlima Kenya. Ila mto ukifura, kaa mbali. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu Mathare. Hakuna picha ya kufia.

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Wengi hununa, lakini mwanga huu mpole hauachi vivuli vikali. Ni wakati mzuri wa kuwanasa korongo wakubwa wenye vipara wanaozunguka jaa la Dandora. Hawaogopi watu sana, hata simu ya kawaida itawapata.

Oktoba mijakaranda huvaa zambarau. Usitazame juu tu; tafuta maua yaliyoanguka juu ya mabati, kwenye mtaro au kiti cha boda. Majira hayo mbayuwayu hutua kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, wakakaa hadi karibu Aprili. Ukitaka kuwajua ndege kwa majina, Nature Kenya huwa na matembezi ya kuwatazama kila Jumatano asubuhi.

Kuhusu usalama, tembeeni wawili au zaidi, simu iwe na kamba mkononi. Mtu akiwa kwenye picha, msalimie kwanza na umwombe ruhusa. Mtaani salamu hufungua milango.

Kuna sababu ya kuanza sasa. Mitaa ya zamani inabomolewa kupisha ghorofa. Nyumba za zamani za Pangani zimeshaenda. Kwenye mitaa hiyo ya nyumba fupi kulikuwa na nafasi ya miti, na ujenzi ukianza, miti ndiyo hutangulia kuanguka. Bila picha, nani atakumbuka ulisimama wapi? Kijani kinaweza kurudi pia: Korogocho, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza ukingo wa mto uliojaa taka kuwa bustani. Picha ya kabla na ya baada ya mahali kama hapo husema kuliko hotuba.

Basi chagua mti mmoja karibu na kwenu. Kila mwezi, simama pale pale na uupige picha, uandike tarehe na mahali. Mwaka ukiisha utakuwa na picha 12 zenye misimu yote. Na siku wakiitisha kikao cha maoni ya wakazi kuhusu ujenzi, hutaenda mikono mitupu.