Fundi, homa hiyo ya Jumatatu huenda si malaria

Ikiwa wewe ni fundi wa kuchomelea vyuma na kila Jumatatu jioni unatetemeka kwa homa, usimeze dawa za malaria kabla ya kupimwa damu. Huenda kinachokuumiza ni moshi wa kazi yako.

Joto la kuchomelea hugeuza chuma kuwa mvuke. Mvuke huo ukipoa hufanyiza chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Moshi wa mabati na mabomba yaliyopakwa zinki ndio hasa huleta homa hii. Saa chache baada ya kazi utahisi ladha ya chuma mdomoni, kisha baridi, kikohozi na maumivu ya viungo. Hupoa kwa siku moja au mbili. Mwili huuzoea moshi katikati ya juma lakini husahau mwishoni mwa wiki, ndiposa Jumatatu huwa mbaya.

Hatari kubwa huja polepole. Mwaka wa 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutaja moshi huu kuwa chanzo cha saratani ya mapafu.

Maziwa hayasafishi mapafu, na leso haizuii chembe hizi. Fanyia kazi mahali penye hewa, ondoa zinki kwanza, usiinamie moshi na uvae barakoa ya N95. Ukienda hospitalini, mweleze daktari kazi unayofanya.